Wiki Tano za Wavinya

Katika kanisa moja la Katelembo, shela haivaliwi na kila bibi harusi. Kanuni hiyo ni ya zamani, na waliopo leo waliikuta. Msichana aliyechumbiwa huitwa mbele ya kamati ya akina mama wiki moja kabla ya harusi na kuulizwa swali moja tu: "Uko peke yako?" Akisema ndiyo, huolewa Jumamosi kwa shela, kwaya na keki. Akiinamisha kichwa, yaani ana mimba, huolewa Jumatano ofisini mwa pasta, kwa gauni la kawaida, mbele ya mashahidi wawili na kreti ya soda. Akina mama wakiitaja harusi ya Jumatano hushusha sauti, kama watu wanaotaja ugonjwa wa jirani.

Wavinya alikuwa fundi wa nguo pale sokoni, na shela nyingi zilizovaliwa katika kanisa hilo zilipita mikononi mwake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, umri ambao watu huanza kumsalimu msichana kwa huruma. Mama yake alikuwa amefariki, ndugu zake walikuwa mbali upande wa Masinga, na chumba alichopanga nyuma ya duka kilikuwa na kitanda, cherehani ya akiba na kimya kingi. Kwa mwenendo wake mzuri alichaguliwa kuingia kwenye kamati ingawa hakuwa na mume wala mtoto. Siku Ndila, binti wa muuza mboga, aliposimama mbele yao akalia na kusema ukweli, Wavinya alikuwa mmoja wa walioinua mkono kwamba aolewe Jumatano. Kisha alimshonea gauni la kijivu, akaona amemtendea wema.

Mwaka uliofuata zamu yake ikafika. Mchumba wake aliitwa Mutinda, dereva wa lori la saruji linalokwenda Juba. Mama yake Mutinda, mjane aliyeitwa Kalunde, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati hiyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyewahi kufundisha shule ya msingi na ambaye hadi leo hasemi neno bila kulipanga. Siku ya kamati Wavinya alikuwa amechelewa siku zake kidogo tu. Alimnong'oneza Mutinda kwa simu, na Mutinda akacheka.

"Sema uko peke yako, basi. Mtoto akizaliwa, nani atakuja na kalenda?"

Wavinya akasimama mbele ya akina mama akasema yuko peke yake. Siku ile alikuwa na shaka, na shaka mtu anaweza kusamehewa. Lakini Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, alinunua kipimo kwa mwenye duka la dawa, akaona mistari miwili, na Jumamosi akavaa shela. Hapo hapakuwa na shaka tena. Kuna watu watakaosema kwamba kanuni yenyewe ilikuwa kali, na huenda ni kweli. Lakini yeye alikuwa ameishika kanuni hiyo kwa mkono wake ilipomwangukia mwenzake.

Baada ya harusi alihamia kwa mama mkwe. Mutinda alikaa wiki mbili, akapanda lori lake akaenda. Kalunde, ambaye watu walimwogopa, alimpokea Wavinya kwa wema usio na maneno mengi. Alimpa chumba chenye dirisha la kuelekea shambani, akamkataza kubeba maji, na mimba ilipotangazwa akawa anamwekea maziwa mezani kila asubuhi kabla hajaamka. Wavinya, aliyemwita Mwaitu kama mtu anavyomwita mama yake kwa Kikamba, aliyanywa maziwa yale huku akiinamia kikombe. Angetendewa kwa ukali, uongo wake ungekuwa mwepesi zaidi.

Kliniki ya kwanza, nesi alimuuliza siku yake ya mwisho ya hedhi. Ukweli ulikuwa mwanzo wa Julai. Kalunde alikuwa ameketi kando yake, mkoba magotini.

"Tarehe tano Agosti," Wavinya akasema. Kalunde akaitikia kwa kichwa, kwa kuwa hesabu hiyo ilikaa vizuri na harusi. Nesi akaandika. Wiki tano za maisha ya mtoto zikafutwa kwa sentensi moja.

Walikwenda kupigwa picha ya ultrasaundi mwezi wa Januari, katika kituo kimoja cha afya mjini Machakos. Mpiga picha aliitwa Ramzi, kijana wa mjini hapo, wa ukoo wa wafanyabiashara wanaokaa karibu na msikiti. Alikuwa mchangamfu, kama watu wengi wanaoshinda gizani na mashine.

"Karibuni. Mama, umekuja kumuona mtoto au kunikagua mimi?"

"Kukukagua wewe," Kalunde akajibu, akivuta kiti karibu na kitanda. "Mtoto tutamuona akizaliwa."

Ramzi akacheka, akapaka tumbo la Wavinya mafuta baridi, akaanza kazi. Alikuwa na desturi ya kueleza anachokiona, kwa kuwa alisema mtu asiyeelezwa hujieleza mwenyewe, tena vibaya.

"Hiki ni kichwa. Sasa nazungusha mstari nje ya mfupa, hivi, kama mshipi. Huo ni mzunguko wa kichwa. Hapa napima upana, upande hadi upande. Haya, tuingie ndani. Mnaona hivi vijumba viwili vyeusi? Ni vya maji. Kila ubongo uko navyo, hata wangu."

"Maji kwa ubongo?" Kalunde akauliza.

"Kidogo, mama. Kazi yake ni kuulinda. Nikipima upana wa kijumba nikapata chini ya milimita kumi, nalala usingizi. Ikifika kumi, naanza kuuliza maswali. Hii ni saba. Na hicho kipimo hakiongezeki eti kwa sababu mtoto amekua. Mapema au mwishoni, mpaka ni ule ule." Akasogeza kifaa. "Huku nyuma, hii iko kama maharagwe mawili yameshikana, ni ubongo mdogo. Ndio utamsaidia kusimama na kutembea bila kuanguka. Huu sasa hukua na umri, pole pole. Milimita thelathini na tatu."

Alipima kichwa tena, akapima mfupa wa paja, akapima tumbo, akarudi kichwani.

"Dada, siku yako ya mwisho ilikuwa lini?"

"Tarehe tano Agosti."

"Hesabu yako inanipa wiki ishirini na nne. Mashine inanipa ishirini na tisa."

"Mashine ilialikwa harusini?" Kalunde akasema. "Harusi ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kijana. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti. Hata picha niko nazo kwa simu."

"Sijakataa harusi, mama."

"Basi andika kile umeona."

Simu ya Kalunde ikalia wakati huohuo. Aliyepiga alikuwa pasta, na Kalunde hamjibu pasta akiwa amekaa kwenye chumba cha giza, kwa hiyo akatoka. Mlango ulipofungwa, Ramzi aliweka kifaa chini akamtazama Wavinya, na sasa hakuwa na mzaha.

"Dada, kama kuna tarehe nyingine, niambie sasa. Siulizi kwa ubaya. Siulizi ni ya nani. Mimi nataka umri wa mtoto peke yake."

Wavinya aliitazama dari. Kutoka nje alisikia sauti ya Kalunde ikisema, "Tuko sawa, Pasta, Mungu ni mwema." Ilikuwa nafasi safi, yenye mlango uliofungwa. Aliiacha ipite.

"Ni hiyo," akasema.

Ramzi aliandika ripoti kama alivyoona: umri kwa vipimo wiki ishirini na tisa, ubongo wa kawaida, tarehe zihakikishwe. Lakini daktari aliyeipokea alikuwa na wagonjwa wengi mlangoni. Alimuuliza Wavinya tarehe, Wavinya akarudia. Alimuuliza Kalunde, Kalunde akaapa. Mbele ya mashahidi wawili waliokubaliana, daktari alishika tarehe akaacha mashine. Akaandika kwamba kichwa ni kikubwa kuliko umri, mtoto ni mkubwa kuliko umri, apimwe sukari na arudi baada ya mwezi. Sukari ilipimwa ikakutwa haina neno.

Katika maandishi yote yale, Kalunde alitoka na maneno matatu: kichwa ni kikubwa. Maji aliyoyasikia kwa Ramzi aliyaongeza mwenyewe.

Wiki hiyo akina mama walitangaziwa mfungo. Jumapili walimpigisha Wavinya magoti katikati ya kanisa, wakamzunguka, wakaweka mikono tumboni na begani mwake, wakaomba maji yatoke katika kichwa cha mtoto. Waliomba kwa Kikamba na kwa Kiswahili, wengine kwa machozi. Bibi mmoja kizee aliyekuwa amefunga tangu Ijumaa alitetemeka kwa njaa. Wavinya alikuwa katikati ya mikono ishirini, na hakuna mkono uliomgusa pale alipokuwa akiumia. Yeye peke yake katika kanisa lile alijua kwamba hapakuwa na maji ya kutolewa. Alisema amina kila waliposema amina. Ndivyo uongo unavyokwenda: hauli cha kwako peke yake, unakula na mfungo wa vizee.

Kwa kweli, hata hiyo hakika haikukaa naye muda wote. Mtu akidanganya sana hupoteza hata kile alichokuwa akikijua. Zipo siku alizojiuliza kama Mungu hangeugeuza uongo wake kuwa kweli, ampe mtoto mwenye kichwa kinachougua ili maneno yake yatimie. Siku moja mchana, duka likiwa halina mteja, aliomba ripoti kwa Kalunde akisema anataka kuisoma kwa maombi. Akaitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaisoma kama fundi.

Kila Januari mama fulani anayetaka kumwingiza mtoto mkubwa darasa la watoto wadogo huja dukani kushonesha sare. Mama husema mtoto ana miaka sita. Wavinya hupima mabega, akapata miaka minane. Kama ni mabega peke yake, basi huenda ni ukoo wa watu wenye mabega. Lakini hupima mkono, miaka minane. Hupima kiuno, miaka minane. Hupima goti hadi kisigino, miaka minane. Hapo fundi hushona na kunyamaza. Mtoto hana kasoro. Mama ndiye mwongo.

Akatazama ripoti. Mzunguko wa kichwa, milimita mia mbili na sabini, wiki ishirini na tisa. Paja, wiki ishirini na tisa. Tumbo, karibu na hapo. Ubongo mdogo wa nyuma, wiki ishirini na tisa. Vijumba vya maji, saba. Mtoto wake alikuwa ameketi ndani ya ngozi yake akisema ukweli kwa kila kiungo. Wavinya aliikunja ile karatasi akalia, nusu kwa furaha, na hakuwa na mtu wa kumwambia ile nusu ya furaha.

Mwezi uliofuata, Ramzi alipima tena. Tofauti ilikuwa ile ile, wiki tano, haikupanda wala kushuka.

"Kichwa kigonjwa hukimbia chenyewe, kinaacha mwili nyuma," alisema, akimtazama Wavinya na si Kalunde. "Hiki kinatembea sako kwa bako na paja lake na tumbo lake. Na vijumba bado ni saba."

"Kwa hivyo maombi yanafanya kazi," Kalunde akasema.

"Maombi hayakosi kazi, mama," Ramzi akasema, akaandika tena kwamba tarehe zihakikishwe. Daktari naye akaandika tena kwamba wasubiri hadi Mei, mimba itimie, na kwa sababu ya kichwa mtoto atolewe kwa upasuaji.

Mwezi wa Machi Wavinya alipita kwenye kibanda cha mboga. Ndila alikuwa amefunga mtoto mgongoni, anakata sukuma wiki bila kutazama kisu.

"Profesa yuko aje?" Ndila akamuuliza.

"Profesa gani?"

"Si huyo wa kichwa kikubwa! Soko lote linafunga kwa ajili yake. Mimi sijafunga, ninanyonyesha." Akalitazama tumbo la Wavinya, akashuka nalo taratibu kama mtu anayesoma ubao. "Hata tumbo limeshuka. Na eti ni Mei?"

"Ni Mei."

"Haya. Mei iko mbali." Akaweka mboga kwenye mfuko, akaongeza kishada kisichoagizwa. Hakuwa tena na mzaha. "Wavinya, mimi niliolewa bila shela. Lakini mtoto wangu alizaliwa na tarehe yake. Mficha uchi hazai, dada."

Wavinya alitaka kumshika mkono. Lakini alikumbuka ule mkono wake mwingine, alioinua kwenye kamati, akachukua mboga akaenda.

Aprili ikaja na mvua ndefu. Kwa hesabu ya kanisa mimba ilikuwa haijatimia. Kwa hesabu ya Wavinya ilikuwa imetimia na kupita. Wiki ya kwanza baada ya hapo hakuwa na hofu. Wiki ya pili, mtoto aliyezoea kumpiga mbavuni kila alipoketi kwenye cherehani akaanza kupunguza. Asubuhi moja alikunywa maziwa akasubiri teke, halikuja. Alishona sketi nzima ya shule, halikuja. Karibu na adhuhuri lilikuja moja, dogo, kama mtu anayebisha mlango asiyetaraji kufunguliwa.

Akampigia Mutinda.

"Mutinda, mwambie mama yako ukweli. Mpigie leo. Mtoto amepitisha siku."

"Si daktari alisema Mei?"

"Daktari alisema Mei kwa sababu nilimwambia Agosti! Wewe unajua."

Kukawa na kishindo cha injini. "Wavinya, hapa mtandao ni mbaya."

"Nakusikia vizuri."

"Mimi sikusikii," akasema Mutinda, akakata.

Alikuwa ameolewa miezi minane, na hakuwahi kujua jinsi nyumba yake ilivyo tupu mpaka dakika ile. Hakulia. Aliingia jikoni, akamwambia Kalunde kwamba mtoto hachezi vizuri, anataka kwenda kwa Ramzi leo. Kalunde hakuuliza swali. Alivua kanga ya jikoni, akavaa viatu, akaita pikipiki mbili.

Ramzi hakutania siku hiyo. Alipima kichwa haraka, kisha akakaa muda mrefu akitafuta maji yanayomzunguka mtoto, kona baada ya kona, kama mtu anayetafuta maji mtoni wakati wa kiangazi. Moyo ulikuwa ukipiga. Hilo alilisema kwanza.

"Moyo uko. Lakini maji ya uzazi yamekauka sana. Na hili kondo la nyuma, mama, limezeeka." Akageuza kiti kabisa. "Sikilizeni. Kama huyu mtoto ana wiki thelathini na sita, basi kondo limeharibika mapema, na daktari ataogopa kumtoa, atasema tumuongeze siku. Kama ana arobaini na moja, basi amekaa kuliko siku zake, na kila siku tukimuongeza tunamnyima. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Mimi nimeandika mara mbili, sikusikilizwa. Leo siwezi kuandika tu." Akamgeukia Kalunde kwa heshima. "Mama, tafadhali ngoja nje kidogo niongee na yeye."

Kalunde hakuinuka. "Mimi ndiye nimekuja naye."

"Najua, mama. Dakika mbili tu."

Wavinya aliona jinsi mambo yangekwenda. Mlango ungefungwa. Angesema, Ramzi angeandika kwa siri yake, mtoto angeokolewa, na yeye angerudi kwenye chumba chenye dirisha na kwenye maziwa ya asubuhi. Njia hiyo ilikuwa wazi, na wengi wetu tungeipita.

"Akae," Wavinya akasema. "Sikukudanganya wewe peke yako. Nilimdanganya yeye."

Akainuka, mafuta yakimtiririka tumboni, akaketi kwenye ukingo wa kitanda ili asiseme akiwa amelala.

"Mwaitu, tarehe si tano Agosti. Ni tarehe moja Julai. Nilipovaa shela nilikuwa na mtoto, na nilikuwa najua. Ni wa Mutinda. Hana kichwa kikubwa. Hajawahi kuwa nacho. Ana umri wake tu."

Mashine ilikuwa ikinguruma kwa sauti ndogo. Kalunde aliutazama mkoba wake, akautazama sana, kama aliyesahau ni wa nani.

"Akina mama walifunga," akasema.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Mama Musau ana miaka themanini. Alifunga siku tatu."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na Ndila," akasema Kalunde, lakini hakumaliza. Akainuka, akauweka mkoba begani, akamwambia Ramzi, "Andika alivyosema," akatoka. Hakubamiza mlango. Aliufunga taratibu, kwa adabu yote, na Wavinya akasikia viatu vyake vikienda hadi visisikike.

Ramzi aliandika, akampigia daktari simu akazungumza naye kwa sauti ambayo Wavinya hakuwahi kuisikia kwake. Jioni haijaingia, Wavinya alikuwa wodini amewekewa dripu ya uchungu. Wenzake walikuwa na dada na mashemeji, thermosi za chai na mabunda ya nguo. Yeye alikuwa na kanga aliyokuja nayo. Nesi aliyeitwa Ann alimuuliza nani amemleta. Wavinya akasema amekuja mwenyewe.

Alizaa mtoto wa kike kesho yake mchana. Ngozi yake ilikuwa kavu, ikibanduka viganjani na miguuni, na kucha zimepita ncha za vidole. Alichelewa kulia, Ann akamsugua mgongo kwa taulo, akalia. Ann akazungusha utepe wa kupimia kwenye kichwa chake.

"Sentimita thelathini na tano. Cha kawaida kabisa. Nani alisema ni kikubwa?"

"Mimi," Wavinya akajibu.

Kwa Wakamba, mtoto hupewa jina siku ya tatu, na binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Hadi siku hiyo bado ni mgeni asiyeitwa. Wavinya aliruhusiwa kutoka siku ya pili, akashuka kwenye pikipiki mlangoni kwa mama mkwe akiwa na mtoto kifuani, bila kujua kama mlango huo ni wake. Haukuwa umefungwa. Kalunde hakuwa ndani. Chumba kilikuwa kimefagiliwa, shuka mpya imetandikwa, na juu ya kiti pamewekwa beseni, sabuni na taulo. Hapakuwa na mtu wa kumkaribisha, wala hapakuwa na kitu kilichosahauliwa.

Siku ya tatu asubuhi Kalunde aliingia na majirani wanne, kama desturi inavyotaka. Alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akamwinua. "Wewe ni Kalunde," akamwambia. "Ishi, uzae, useme kweli." Majirani wakapiga vigelegele. Akamlaza mtoto kifuani pa mama yake, akatoka bila kumtazama mama huyo. Alimpa mjukuu jina, hakumpa mkwe salamu.

Jumapili hiyohiyo alisimama kanisani akajiuzulu uenyekiti. Alisema nyumba yake imesema uongo mbele ya madhabahu na yeye ndiye aliyeupitisha. Hakumtaja Wavinya. Kisha, kabla ya kukaa, alimwomba Ndila msamaha kwa jina, mbele ya watu, kwa ukali ule ule aliozoea kuwakemea wengine. Wavinya alitengwa miezi sita, akapewa benchi la nyuma, na hakuomba apunguziwe. Mutinda alisamehewa kwa kuwa yuko safarini. Mimi naona hapo kanisa lilikosea, kwa kuwa dhambi hiyo ilikuwa na watu wawili na aliyeadhibiwa ni yule aliyekuwa karibu na mkono.

Wiki zikaenda hivyo, nyumba moja, wanawake wawili, hakuna neno. Maziwa ya asubuhi yaliendelea kuwekwa mezani, lakini Wavinya alikuwa akisikia mlango wa nje ukifungwa kabla hajafika. Alijifunza kunyonyesha bila wa kumuuliza kama anashika sawasawa. Alijifunza kucheka peke yake mtoto alipopiga chafya. Mutinda alipiga simu mara moja, mtandao ukiwa mzuri, akauliza mtoto anafanana na nani. Wavinya akamwambia aje aone.

Asubuhi moja ya mvua alikuwa ameketi barazani, mtoto amemlaza magotini, akimtazama anavyofuata mkono wake kwa macho. Kalunde akatoka jikoni. Safari hii hakupita. Alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akazungumza akimtazama mtoto peke yake.

"Kalunde, mwambie mama yako uji uko tayari. Aunywe ukiwa moto."

Wavinya aliinamia uso wa mtoto.

"Mwambie susu wako asante," akasema kwa sauti ndogo, akimwita bibi kwa Kikamba. "Mwambie nimesikia."

Mtoto, ambaye hakuwa na neno la kupeleka wala la kurudisha, alipiga miayo. Kalunde aliweka sufuria juu ya stuli, karibu kidogo kuliko alivyokuwa akiweka vitu, akarudi ndani. Wavinya alimimina uji, akaunywa peke yake ukiwa moto, huku mvua ikipiga mabati.